Herufi za kwenye buti

Herufi za nyuma ya buti ndiyo spea rahisi kuliko zote kwenye Benzi ya zamani. Unang'oa "200", unabandika "280E", na kabla chai ya fundi haijapoa gari limeshapanda daraja. Hata ukikuta buti tupu hujapata ushahidi wowote, maana kiwandani mnunuzi aliruhusiwa kuomba gari lake litoke bila namba ya toleo, na wapo waliopenda hivyo ili majirani wasijue wamenunua injini ndogo au kubwa. Kwa hiyo anayeyajua magari haya hazungukii nyuma kwanza. Anaomba boneti ifunguliwe.

Sentensi inayotangulia bei mbaya huwa ni ileile, iwe Nyakato au Pasiansi hapa Mwanza: "Bosi, hii ni adimu, huipati tena." Inaweza kuwa kweli tupu. Kinachobaki ni kuuliza kwa nini haipatikani. Kuna toleo lililotoka kidogo kwa sababu lilikuwa ghali, watu wakalitamani kwa mbali. Na kuna toleo lililotoka kidogo kwa sababu wanunuzi wa enzi zake walilitazama, wakaona halina maana, wakachukua la pembeni yake. Miaka arobaini baadaye yote mawili yanaitwa adimu, na muuzaji hatakwambia lako ni lipi.

Tuanze na W123 (ndilo jina la kiwandani la bodi hilo), Benzi ambayo kwa wengi wetu ndiyo sura ya Benzi yenyewe, ile iliyobebeshwa neno "wabenzi" ingawa wenye neno hilo walipanda pia kubwa zaidi yake. Ilitoka 1976 hadi mwanzoni mwa 1986, na jumla yake, pamoja na zile za milango miwili na stesheni wagoni, ni kama milioni 2.7. Gari la idadi hiyo haliwezi kuwa adimu kwa jina lake tu. Uadimu wake uko ndani, kwenye matoleo.

Chukua 220D. Iliuzwa 1976 hadi 1979 tu, na zilizotoka hazikufika 57,000, wakati 240D zilikaribia 450,000. Kwa hesabu ya uchache 220D inaishinda 240D mara nane hivi. Lakini tazama ilivyokufa: mwaka 1979 injini ya 200D iliongezwa kutoka nguvu za farasi 55 hadi 60, na hizo 60 ndizo 220D iliyokuwa ikizitoa. Kiwanda kikabaki na magari mawili yenye nguvu sawa, kikafuta moja. Hakuna aliyelilia. Leo ukiuziwa 220D kwa bei ya "adimu", unalipia kosa la mpangilio wa bidhaa.

Mfano mzuri zaidi ni 280 isiyo na herufi E. Injini ni ileile ya 280E, iitwayo M110, silinda sita, kamshafti mbili juu, ila badala ya mfumo wa Bosch K-Jetronic wa kupulizia petroli, hii ina kabureta ya Solex 4A1. Inatoa farasi 156, na 280E ilianza na 177 ikamalizia 185. Zilizotoka za kabureta ni kama 33,000. Za E ni kama 126,000. Yaani isiyo na E ni adimu mara nne karibu, na ndiyo anayoikimbia kila anayeijua. Solex 4A1 ina matundu manne ya hewa na mwili wa aloi unaopinda kwa joto. Ukishapinda, hewa inapenya pembeni bila kupimwa, gari linatetemeka likisimama taa nyekundu, linakunywa kama lori, na fundi anakaza skrubu za juu hadi linapinda zaidi. Wengi huishia kuing'oa na kufunga kabureta nyingine. Hapo gari linatembea, ila hata ule uchache uliolipia haupo tena.

250 nayo inabeba kabureta hiyohiyo juu ya silinda sita, na toleo lake la mwanzo lilitoa farasi 129. Mwaka 1980 ikaja 230E, silinda nne, farasi 136. Mtu akikusifia 250 kwa sababu "ni sikisi", mpe hizo namba mbili kisha nyamaza.

Ipo moja ambayo uchache wake ni wa haki: ile ndefu, yenye siti za safu tatu, iliyorefushwa sentimita 63 katikati ya magurudumu. Zilitoka 13,700 hivi, kwa ajili ya hoteli, balozi na misafara. Ukiiona mahali, hata imekufa, usiipite bila kupiga picha ya namba ya chesisi. Lakini jua kwamba paa, sakafu na propela shafti yake havipatikani kwenye W123 ya kawaida, na gari refu namna hiyo likigonga tumbo kwenye mawe ya vilima vyetu, linagonga katikati kabisa.

Sasa, soko la Ulaya linataka nini? Linataka 280E, tena yenye gia za mkono. Ni gari lililoshinda mbio za London hadi Sydney mwaka 1977, na mashabiki hawajasahau. Linataka rangi za miaka ya sabini ambazo babu zao walizikataa. Dizeli ndogo inathaminiwa kwa mapenzi tu, kwa sababu ya mwendo wake wa msiba.

Mwanza kipimo ni kingine. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya mji vinaanzia hapo kwenda juu. Hewa huku ni nyepesi kwa takriban asilimia kumi ukilinganisha na Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo (turbo, feni ya kuisukumia hewa) inapoteza nguvu karibu kiasi hicho. 240D ya mwisho ina farasi 72. Hapa mfukoni una kama 65. Ukipanda Bugando na abiria wanne unazihesabu moja moja. Pamoja na hayo, 240D ya gia za mkono ndiyo W123 tunayoiweka juu kwa mtu atakayeitumia huku, na 300D ya silinda tano, farasi 88 kuanzia 1979, ndiyo ya kuitafuta kwa udi na uvumba. Injini ya OM617 ya hiyo 300D inastahimili uzembe ambao ungeua injini nyingine mbili. Pampu yake ya dizeli ni ya makanika matupu, haina kompyuta, na nozo zake zinapimwa na fundi yeyote wa pampu mwenye mashine.

Kwa upande wa petroli, 200 yenye kabureta moja ya Stromberg inadharauliwa bure. Ikikosa nguvu ghafla, kabla hujaambiwa injini imekufa, fungua skrubu nne za kifuniko cha juu cha kabureta. Chini yake kuna kiwambo cha mpira mweusi. Kiinue kuelekea mwanga ukivute taratibu kwa vidole. Kikiwa na mchano hata wa ukubwa wa kucha, pistoni ya kabureta hainyanyuki na gari halipandi mlima. Kiwambo kipya kina kijilimi kinachoingia kwenye tundu lake. Ukikipachika kimepinda utarudi palepale. Kijibomba cha katikati kinajazwa mafuta ya gia boksi ya otomatiki, si oili ya injini iliyobaki kwenye kopo. Kazi ya nusu saa, na gari lililokuwa likiuzwa kama mkweche linapanda Capripoint.

Turudi kwenye boneti. Kuna vitu viwili vya kusoma. Kwanza namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi. Kwenye magari ya mtindo mpya wa namba inaanza na WDB, kisha tarakimu sita za toleo. 123123 ni 240D. 123130 ni 300D. 123120 ni 200D, 123223 ni 230E, 123033 ni 280E. Tarakimu inayofuata ni ya usukani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Kisha herufi ya kiwanda, A kwa Sindelfingen na F kwa Bremen kwa kawaida. Kwenye namba za zamani zaidi utaona nukta na vistari, kwa mfano 123.123-20 kisha tarakimu nyingine: hiyo 2 ni usukani wa kulia, na 0 ni gia za mkono, ingekuwa 22, gari lilizaliwa otomatiki.

Pili ni kibati kilichofungwa kwenye chuma cha mbele, juu ya rejeta. Hapo kuna namba ya rangi, na kuna safu ya namba za tarakimu tatu za vitu vya ziada. Namba ya rangi 737 ni nyeupe, 904 ni bluu iliyoiva, 040 ni nyeusi. Gari jeusi lenye kibati cha 737 lilipakwa, na swali linalofuata ni lilipakwa kuficha nini. Kwenye vitu vya ziada, 420 ni otomatiki ya kijiti cha chini, 470 ni breki za ABS, 580 ni kiyoyozi, 584 ni vioo vinne vya umeme, 480 ni ile nyuma inayojisawazisha gari likipakiwa. Ukikutana na 428 shusha pumzi: ni gia za mkono tano, iliyokuja kwenye miaka ya mwanzo ya 1980. Hiyo ni mojawapo ya nafasi chache ambapo uchache na manufaa vinakaa kiti kimoja, maana kwenye barabara ndefu ya kwenda Shinyanga gia ya tano inaipumzisha injini na masikio yako.

Linganisha kibati na gari lililosimama mbele yako. Kibati kina 420 na gari lina pedali tatu? Gia boksi imebadilishwa. Kisha soma mwanzo wa namba ya injini kwenye bloku: 616.912 ni ya 240D, 617.912 ni ya 300D, 102.980 ni ya 230E, 110.984 ni ya 280E. Kadi ya gari nayo ina namba ya injini. Zikipishana, muulize mwenye gari kwa adabu kabla ya kuzungumza bei. Gari lenye injini ya Toyota ndani linaweza kuwa chombo kizuri cha kazi, hatulitukani, ila bei yake ni ya gari la kazi.

Taa za mbele zinasaidia pia, lakini kwa tahadhari. Kabla ya mwaka 1982, taa pana za pembe nne kwenye sedani zilikuwa za 280 na 280E, na ndogo zao zilikuwa na taa za mviringo. Baada ya maboresho ya 1982 zote zikapewa za pembe nne. Taa zinafunguka na kufungwa kwa bisibisi, hivyo usizipe uzito kuliko namba ya chesisi.

Kutu sasa. Wapo wanaodhani gari lililokaa kando ya ziwa limeliwa kama la Tanga au Zanzibar. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na upepo wake haubebi chumvi. Gari lililokulia Mwanza mara nyingi lina bodi nzuri kuliko lililokulia Pwani, na nzuri kuliko lililotoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi kila baridi. Kinachooza huku kinaoza kwa maji ya mvua yaliyokosa njia. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wenye matundu ya kutolea maji. Egesha chini ya mwembe misimu miwili, matundu yanajaa majani yaliyooza, maji yanapanda na kuingia ndani, chini ya zulia. Kwa hiyo inua zulia la mbele pande zote mbili na ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Ikiwa na unyevu na gari halijapata mvua juzi, unajua. Kioo cha nyuma nacho kina mpira unaokauka. Maji yanapita chini yake, yanatelemka hadi kwenye buti, yanatuama pale kwenye tairi la spea. Toa tairi, tazama.

Baada ya hapo pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye chini ya fenda za mbele, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, na kandokando ya dirisha la paa kama lipo. Inapoacha kushika kuna puti, ile dawa ya kuzibia bodi kabla ya rangi. Puti kidogo tunaisamehe. Usisamehe matundu ya jeki: ingiza jeki yenyewe na inua. Chuma kikilia au kikikunjana, kizingiti kimeoza kwa ndani, na hiyo si kazi ya rangi, ni kazi ya kukata na kuchomelea siku nyingi.

Kuna ugonjwa mmoja wa W123 za dizeli unaoshusha bei ya magari mazima kila mwaka. Unazima ufunguo, injini inaendelea kunguruma. Muuzaji anaona aibu, mnunuzi anaona pampu imekufa. Kumbe injini hii inazimwa kwa mvuto wa hewa: ufunguo ukigeuzwa, mvuto unapelekwa kwenye kidude kilichoko nyuma ya pampu ya nozo, kinakata mafuta. Mvuto huohuo ndio unaofunga milango. Kiwambo kidogo cha mpira kikichanika ndani ya mlango wa nyuma, hewa inaingia, mvuto unapungua, injini haizimiki. Mlango umeharibu injini, kwa maneno mengine.

Hatua ni hizi. Zima kwanza kwa mkono: kuna kijiti kwenye injini kimeandikwa STOP, kisukume hadi injini inyamaze. Kisha fuata bomba nene linalotoka kwenye pampu ya mvuto kwenda kwenye buta la breki, kile chombo kinachokusaidia kukanyaga breki; pembeni yake kuna vijibomba vyembamba vya plastiki. Chomoa kile kinachokwenda kwenye milango, ziba tundu kwa kitu chochote kinachokaza, washa, zima kwa ufunguo. Injini ikizimika, ugonjwa uko kwenye milango, buti au mfuniko wa tenki, na utatembea mlango kwa mlango ukiziba na kujaribu. Isipozimika, angalia kijibomba kinachoingia kwenye kile kidude cha pampu. Kikiwa na oili ndani, kiwambo cha kidude kimepasuka na kinanyonya oili ya injini kuipeleka hadi kwenye swichi ya ufunguo. Kibadilishe kabla oili haijafika milangoni na kuozesha mpira wote uliobaki. Na kwenye otomatiki, mvuto huohuo ndio unaoiambia gia boksi ibadilishe gia kwa upole. Gari linalobadilisha kwa kishindo hupelekwa kuvunjwa gia boksi wakati kinachovuja ni bomba jembamba kuliko mrija wa soda.

Lingine linaloonewa ni kuwaka kwa shida asubuhi. Wote wanakimbilia hita plagi, zile plagi zinazopasha dizeli kabla ya kuwaka. Hita plagi ni sawa kuzipima, lakini lini mara ya mwisho valvu zilipimwa? Kwenye OM616 ya 240D na OM617, injini ikiwa ya baridi, nafasi ni milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa. Zinajibana zenyewe kadiri gari linavyotembea, kompresheni inashuka, na Julai asubuhi upepo ukitoka ziwani gari linagoma. Baada ya kurekebisha, pima kompresheni. Iliyo nzima inafika bar 22 hadi 24. Ikiwa chini ya 15, au silinda zikipishana zaidi ya bar 3, hapo ndipo uanze kuongea habari za kufungua injini.

W126, Benzi ya mabosi iliyotoka 1979 hadi 1991, ina hadithi yake ya uchache. Sedani zilikuwa zaidi ya 818,000. Watu wote wanaitaja 560SEL, na 560SEL ni gari zuri kweli, lakini zilitoka kama 75,000. Iliyo adimu hasa ni 560SE, injini ileile kwenye bodi fupi, pungufu kwa sentimita 14: zilitoka 1,252 tu. Hapa uchache una maana, kwa sababu fupi ni nyepesi na haikununuliwa na wenye dereva, ilinunuliwa na waliopenda kuendesha. Tarakimu za kutafuta ni 126038. 126039 ni ile ndefu. Kwa upande mwingine kuna 260SE, kama 21,000, dhidi ya 300SE zaidi ya 105,000. Bodi ni moja, injini ni za familia moja, mafuta zinakunywa karibu sawa, na 260SE ina nguvu pungufu. Uchache wa 220D umerudi umevaa suti.

Ukitaka W126 ya kutembelea Mwanza, tafuta 300SE fupi au 280SE ya kabla ya 1985. Injini za V8, yaani 380, 420, 500 na 560, zina cheni ya taimingi ndefu inayopita kwenye reli za plastiki. Joto la miaka linaikausha plastiki hiyo hadi inakuwa ya kahawia na kuvunjika kama ganda la mkate mkavu. Kipande kinaanguka kati ya cheni na meno, cheni inaruka, valvu zinakutana na pistoni. Nenda kwa mwenye gari asubuhi kabla hajaliwasha na umwambie mapema asilipashe. Gari likiwaka sikiliza mbele ya injini: mkwaruzo wa sekunde moja mbili si jambo kubwa, ukizidi hapo cheni imelegea. Afadhali zaidi kufungua kifuniko cha valvu na kutazama reli kwa tochi. Zikiwa na rangi ya chai, hesabu cheni, reli zote na kikaza cheni ndani ya bei yako, hata kama injini inanguruma kama paka.

450SEL 6.9 ya bodi la kabla ya hapo, W116, zilitoka 7,380. Haina springi za kawaida. Inakaa juu ya mafuta na gesi yenye shinikizo. Kwa makumbusho ni dhahabu. Huku, mfumo ukivuja, linalala chini kama ng'ombe aliyechoka na hutapata wa kuliamsha.

Wenye ndoto za mitandaoni huuliza kuhusu 500E ya W124, bodi lililoirithi W123. Ilikusanywa kwa kushirikiana na Porsche, bodi zikisafirishwa kati ya Zuffenhausen na Sindelfingen, na zilitoka 10,479. Zote zina usukani wa kushoto. Zote. Ukionyeshwa 500E yenye usukani wa kulia, ama imehamishwa usukani, ama ni 300E iliyobandikwa fenda. Na usishangae kukuta Benzi nyingine iliyotoka Japani ina usukani wa kushoto: Benzi nyingi zilizouzwa kule miaka ya 1980 zilikuwa hivyo, ndiyo ulikuwa ufahari wao. Kupishana na malori ukiwa umekaa upande wa mtaro ni kazi ya watu wawili. W124 za petroli za 1992 hadi 1995 zina waya za injini ambazo ganda lake linabomoka lenyewe. Kunja waya mmoja taratibu karibu na injini. Ukipukutika, waya wote wa injini ni wa kubadilisha, na injini inayokosa moto leo inaweza kuunguza kompyuta kesho.

Huwezi kuongea sedani za kifahari Mwanza ukaiacha Toyota Mark II. Mchezo wa herufi ni uleule. Kwenye kizazi cha 100, kilichoanza 1996, kibati cha kwenye ukuta wa injini kikisema GX100, una injini ya 1G-FE ya cc 1,988. Kikisema JZX100, una injini ya 1JZ ya cc 2,491. Tourer V, toleo la mbio, likiwa la kweli ni JZX100 yenye tabo, farasi 280. Grande ni ya starehe. Tourer V zimepanda bei duniani kwa sababu moja kubwa: Marekani inaruhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 25 bila masharti yake ya kawaida, na hizi zilianza kutimiza 2021. Kwenye kizazi kilichotangulia, JZX90, Tourer V ina tabo mbili zenye magurudumu ya ndani ya kauri, yanayopasuka zikiongezewa presha. Anayetaka kutumia gari achukue GX100 nzima, abadilishe mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000, na aendelee na maisha.

Mwisho, spea. Za Benzi zinapatikana Gerezani kule Dar, au Nairobi kwa njia ya mpaka wa Sirari, na zinafika kwa basi. Kosa linalorudiwa ni kuagiza kwa mwaka: "nitumie pedi za mbele za 123 ya 1981." W123 zilifungwa kalipa za breki za mbele, zinazoshika pedi, za watengenezaji tofauti, ATE kwenye moja na Bendix au Girling kwenye nyingine, na pedi haziingiliani. Toa tairi kwanza, safisha kalipa kwa brashi ya waya hadi jina litokee, piga picha hiyo pamoja na namba ya chesisi, ndipo umpigie muuzaji.